Uso wa Kwenda Nao Shuleni

Mwalimu wa hesabu hakuwa na utani. Hakuwa na subira na mtu anayeanza kisa mbali. Hakuwa na rafiki hata mmoja kati ya wazazi wa wanafunzi wake, wala hakuona kwamba amepungukiwa kitu. Hakuwa na tabia ya kumuuliza mtu ameamkaje kisha akangoja jibu. Na hakuwa na nywele za kumpeleka kwa kinyozi. Zile chache zilizobaki pembeni alizinyoa mwenyewe mbele ya kioo cha bafuni, huku mkewe akimwambia amesahau nyuma ya sikio.

Alichokuwa nacho ni kazi safi. Madaftari aliyasahihisha siku ileile, na wanafunzi wake walifaulu. Basi alipoona kwamba binti wa kinyozi, msichana mkimya wa dawati la mbele, anakokotoa kichwani mambo ambayo wenzake waliyahangaikia karatasi nzima, aliamua kumwita baba yake. Alitaka ruhusa ya kumwingiza katika kundi la masomo ya jioni, ambalo lilikuwa limeshawafikisha wengi kwenye shule bora kuliko ile. Ilikuwa habari njema. Akaiandika kama alivyoandika habari zote: "Mzazi wa mwanafunzi huyu, unatakiwa kufika ofisini kwangu Jumatatu asubuhi bila kukosa."

Sababu hakuitaja. Waliomtangulia kazini walimfundisha kwamba mzazi akijua sababu atamtuma shangazi. Kwa ajili ya barua hizo mtaa mzima ulimwita Bila Kukosa, na wanafunzi walilitamka jina hilo kwa ufasaha mkubwa kila alipogeukia ubao.

Jumatatu baba hakuja. Jumanne binti naye hakuja. Wiki ikaisha dawati likiwa tupu, na wenzake wakasema anapelekwa kwa shangazi yake, mji mwingine, akamsaidie dukani. Mwisho wa mwezi anaondoka. Mwalimu akatangaza katika chumba cha walimu kwamba kuna wazazi wasioweza kusaidiwa. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amelisikia tangazo hilo mara nyingi, alimaliza chai yake taratibu, kisha akaandika jina la Bila Kukosa kwenye orodha ya walimu wa kwenda mafunzo. Mafunzo yenyewe yalihusu namna shule inavyoweza kushirikiana na familia na majirani zake.

Alikwenda kama mtu anayetumikia adhabu. Kituo cha walimu kilikuwa na ukumbi wa feni mbovu na viti vya plastiki, na mkufunzi alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliyezungumza kana kwamba hana haraka ya kwenda popote. Siku ya kwanza alisema machache. Jioni, walipotawanyika kwenda vyumbani, kila mwalimu alikuta karatasi ndogo imepenyezwa chini ya mlango wake: "Unatakiwa kuonana na mkufunzi kesho asubuhi bila kukosa."

Bila Kukosa aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma ameketi. Alikumbuka kwamba alichelewa kipindi cha mchana. Alikumbuka pia kwamba alimnong'oneza jirani yake neno kuhusu miwani ya mkufunzi, na sasa alishuku kwamba jirani hana siri. Akampigia simu mkewe kumuuliza kama shuleni kuna lolote. Mkewe akamuuliza amefanya nini. Akasema hajafanya kitu. Mkewe akasema hata wezi husema hivyo, kisha akacheka peke yake.

Asubuhi alivaa koti. Alipofika kwenye mlango wa mkufunzi alikuta walimu wote wamepanga foleni, kila mmoja na karatasi yake, kila mmoja akidhani ni yeye tu aliyeitwa. Mwalimu mmoja wa kike alikuwa amebeba cheti cha daktari. Mkufunzi akatoka na kikapu cha kalamu, akampa kila mtu moja, na kila mtu akaulizwa amelalaje.

"Mama, presha yangu ilipanda," alilalamika mwenye cheti. "Kumbe ni kalamu?"

"Ni kalamu tu, mwanangu. Pole."

Wengine walishusha pumzi, wakacheka. Bila Kukosa hakucheka. Mkufunzi akawaingiza ukumbini, akawaomba wachukue kalamu zile na waandike jinsi usiku ulivyopita, na kila jambo baya walilolifikiria juu yake, juu ya shule zao na juu yao wenyewe. Bila Kukosa alijaza upande wa kwanza wa karatasi, akageuza. Katikati ya sentensi alisimamisha kalamu. Alikuwa amemfikiria kinyozi, na barua ile ikiwa mkononi mwake.

Siku zilizobaki aliuliza maswali mengi kuliko mtu yeyote. Aliuliza la kufanya mzazi asipokuja. Mkufunzi akasema umfuate. Akauliza, ukishafika kwake uanze na lipi. Mkufunzi akasema uanze na kukaa.

Ndiyo maana, aliporudi, alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kinyozi na kuketi. Mwezi ulikuwa unakaribia kuisha. Kibanda kilikuwa na kioo kimoja kirefu, redio iliyofunikwa kitambaa, na benchi ambapo dereva mmoja wa lori alikuwa anasubiri zamu yake. Kinyozi, mtu mwembamba mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa laini, alimtazama mwalimu kwa kupitia kioo.

"Karibu, mwalimu. Sasa hapo nikunyoe nini?"

"Mwache, fundi," alisema dereva. "Labda amekuja kupigwa rangi."

Mwalimu alisema zinyolewe zilizopo, na dereva akampisha zamu. Akafungwa shuka shingoni, mikono yote ikabaki chini yake, na kichwa kikainamishwa. Hakuwa na la kufanya ila kutazama magoti yake. Akauliza mke wa kinyozi anaendeleaje, akangoja. Kinyozi alichukua muda kujibu, kama mtu anayepima kama swali ni swali. Kisha akasema hajambo, ila miguu inamsumbua. Wakaongea juu ya miguu. Wembe ulipofika nyuma ya sikio, pale panaposahaulika siku zote, mwalimu akasema amekuja kwa ajili ya binti.

Wembe ukasimama.

"Mwalimu, kwa ajili ya kaka yake niliitwa hivyohivyo," alisema kinyozi polepole. "Karatasi ile ile, maneno yale yale, mkono wa mwalimu mwingine. Nilidhani kijana amefaulu. Nikavaa shati jeupe, nikapita mtaani nasalimia watu. Nikaambiwa mlangoni kwamba amefukuzwa. Nimesimama pale na shati langu, wanafunzi wananitazama. Ilipokuja hii yako, nikasema huyu wa kike simwachi wamtoe. Namtoa mwenyewe."

Mwalimu akainua kichwa kusema kwamba si hivyo, kwamba ni jambo jema. Kinyozi akakirudisha kichwa chini kwa vidole viwili.

"Usiniambie hapa. Kwenye kiti hiki watu wameniahidi kazi, viwanja, hata uchumba. Wakiinuka, maneno yanafagiwa na nywele. Kama ni baya, sitaki huyu bwana wa lori aondoke nalo."

"Mimi sisikii kitu," alisema dereva.

"Kama ni jema, nataka mama yake alisikie nyumbani, tumekaa. Sikatai kuja shule. Lakini nijue kwanza nije na uso gani. Niandikie. Ikifika kabla hajasafiri, tutaisoma. Isipofika, kesho kutwa anapanda gari."

Akampangusa, akamwonyesha nyuma ya kichwa kwa kioo kidogo. Palikuwa safi kabisa.

Usiku ule ule mwalimu aliandika. Mkewe akaichukua barua, akaisoma akiwa bado ameshika mwiko, akamrudishia na kusema hata yeye asingekwenda. Mwalimu akatazama: alikuwa ameanza na "unatakiwa." Mkono ulikuwa umejiendea wenyewe. Akachana, akaanza upya, na safari hii alijiuliza kwa kila mstari kinyozi atakuwa na uso gani akifika hapo.

"Baba na Mama," aliandika mwishowe. "Nina habari njema, naitanguliza ili msiwe na wasiwasi. Binti yenu ni mwanafunzi bora wa hesabu niliyepata kumfundisha. Naomba ruhusa yenu aingie katika kundi la masomo ya jioni. Nitaeleza saa za kurudi na nani atamsindikiza. Barua yangu ya kwanza iliwatia hofu, na kosa ni langu. Ningependa tukae pamoja, shuleni au nyumbani kwenu, siku itakayowafaa. Naomba pia mnisalimie miguu ya Mama."

Mkewe alisoma mstari wa mwisho mara mbili. Akasema hilo la miguu ni la ajabu kidogo, lakini liache.

Asubuhi mwalimu mkuu aligonga mhuri bila kuuliza. Mwalimu akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi na kuibana kwa kiganja mpaka ikashika. Tarishi wa shule alikuwa uani, mguu mmoja juu ya pedali. Aliipokea bahasha, akalisoma jina, akakunja uso kwa huruma.

"Kwa kinyozi tena? Nimwambie bila kukosa?"

"Hapana," alisema mwalimu. "Mwambie akipata nafasi."

Tarishi alimtazama kidogo, kichwa kile kilichonyolewa vizuri. Akaitia bahasha mkobani, peke yake, mbali na zile nyingine, akaondoka.