Mtoto wa Bwana Lishe

Ofisini walimwita Bwana Lishe, na jina lilimkaa kama kofia ya kupimwa. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wazazi namna ya kulisha watoto, na kwa miaka kumi na moja aliifanya kazi hiyo bila kushika kijiko. Alikuwa na sauti nzito, tai tatu na slaidi sitini na nne. Akianza kuzungumzia uji, ungedhani anazungumzia ujenzi wa bwawa.

Nyumbani alikuwa na mke, mama yake mzazi aliyekuja kusaidia kulea, na mtoto wa kiume wa miezi kumi. Mtoto walimpachika jina la Waziri, kwa kuwa tangu azaliwe ukimuuliza jambo anakunja uso na hajibu. Shida ya Waziri ilikuwa moja: hanenepi. Suruali za mtoto wa miezi minne zilikuwa bado zinamdondoka.

Si kwamba Bwana Lishe hakuwa na habari. Miezi miwili nyuma, ofisi ilipotaka picha ya bango la kampeni, mkurugenzi alimwambia alete mwanawe. Mpiga picha alimtazama Waziri kwenye kamera, akaishusha kamera taratibu, akauliza kama hakuna mtoto mwingine. Ikabidi waazime wa mama anayefanya usafi pale ofisini, binti wa umri uleule, mapaja yamejaa mikunjo kama unga uliofungwa uzi. Bango likatoka: Bwana Lishe anatabasamu, kijiko mkononi, mtoto wa watu magotini, na chini maandishi makubwa, LISHE BORA HUANZA NA MIMI. Likabandikwa kila kliniki.

Sasa siku moja mkewe akarudi kutoka kliniki, na hata viatu hajavua, akaitupa kadi ya mtoto mezani. Mke huyu alikuwa msusi, mtu wa kusimama saluni kutwa nzima, na hakuwa na mazoea ya kuzunguka maneno.

"Kilo sita na gramu mia tisa," alisema. "Miezi minne iliyopita alikuwa na sita na mia nane. Nesi kasema mstari umelala. Baada ya wiki mbili anataka kutuona wote wawili."

"Wote wawili? Kwani amejua mimi ni nani?"

"Bango liko juu ya mzani, Baba Waziri. Kanitazama mimi, kalitazama bango, akanyamaza."

Kunyamaza huko ndiko kulikomchoma. Angetukanwa angejibu, maana majibu alikuwa nayo kabatini, yamepangwa kwa mwaka. Jioni ile aliwaketisha mkewe na mama yake kwenye meza ya kulia, akafungua kikao. Ajenda ilikuwa Mpango Mkakati wa Kuongeza Uzito wa Waziri.

Bibi, aliyekuwa amempakata Waziri, ajenda yenyewe, aliuliza kwa upole, "Mwanangu, mtoto tunampa chakula au tunampigia kura?"

"Mama, bila mfumo hakuna matokeo."

Mfumo ukapatikana. Ilikuwa karatasi kubwa yenye mistari iliyonyooka, ikabandikwa ukutani jikoni. Milo mitano kwa siku, na mbele ya kila mlo saa, mhusika na sahihi. Mama mtoto alipewa mlo wa asubuhi na wa jioni. Bibi alipewa miwili ya mchana. Mlo wa saa kumi na moja Bwana Lishe aliuchukua yeye mwenyewe, kwa kuonyesha mfano, na mkewe alimtazama mara mbili kabla ya kuamini. Pembeni palikuwa na safu ya changamoto, ambayo kwa wiki mbili haikuandikwa neno.

Na kweli karatasi ilinona. Kila asubuhi Bwana Lishe alipita jikoni akiwa na kikombe cha chai, akaikagua, akaona hakuna kisanduku kilichobaki wazi, kifua kikamjaa. Siku moja alimshika Waziri mkono akahisi kama ameshika penseli. Akajiambia matokeo huchukua muda. Ndivyo alivyozoea kuwaambia wafadhili.

Siku ya kurudi kliniki walikwenda wote, Bibi naye hakukubali kubaki. Nesi alikuwa mwanamke mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Alimvua Waziri nguo, akamweka kwenye mzani, akasubiri mshale utulie.

"Sita na mia nane," alisema. "Kapungua gramu mia."

Akina mama waliokuwa kwenye benchi waliacha kuongea. Mmoja alimtazama Bwana Lishe, kisha akainua macho kulitazama bango, kisha akamtazama tena, polepole, kama mtu anayelinganisha noti mbili.

"Haiwezekani," Bwana Lishe alisema. Alifungua mkoba akatoa ile karatasi, imekunjwa vizuri ndani ya faili la plastiki. "Nesi, sisi tuna kumbukumbu. Milo mitano kila siku, hakuna hata mmoja uliorukwa."

Nesi alivaa miwani. Alisoma kutoka juu hadi chini, kidole kikifuata mistari, halafu kidole kikasimama.

"Baba, leo siku gani?"

"Jumatano."

"Hapa umeshasaini Ijumaa."

"Huwa nasaini wiki nzima Jumatatu," alisema, na ile sauti nzito ilikuwa imebaki nyumbani. "Kuokoa muda."

"Na saa kumi na moja nani alikuwa anamlisha?"

Alimtazama mkewe. Mkewe akamtazama Bibi. Bibi akapandisha kanga begani. "Mimi nilijua baba yake keshamlisha. Si kaandika?"

"Na mchana, bibi, anakula nini?"

"Uji. Namkorogea mwepesi uteleze, asije akapaliwa. Anakunywa vijiko vitatu, vinne, akigeuza uso simlazimishi. Naenda nasaini."

Nesi alimgeukia mama mtoto. Huyo hakungoja kuulizwa. "Asubuhi namnyonyesha huku navaa viatu. Jioni narudi amelala. Nasaini na mimi." "Nilidhani sahihi ni ya kuonyesha kwamba nipo."

Nesi hakuwakaripia. Aliuliza kama mtoto anaharisha, kama ana homa au kikohozi. Akampima mkono kwa utepe, akambonyeza miguu kuona kama imevimba, akamchungulia mdomoni. Kisha akamrudisha Waziri kwa mama yake.

"Angekuwa mgonjwa ningewapa dawa. Huyu ana njaa," alisema. "Tena ana njaa yenye sahihi tatu."

Kutoka kwenye benchi mtu alicheka, akajikohoza haraka.

"Uji uwe mzito," nesi aliendelea, "na utiwe kitu cha kumjenga."

"Nalijua hilo," Bwana Lishe alisema. "Liko kwenye slaidi ya kumi na saba."

"Basi litoe huko ulilete kwenye bakuli. Huyo binti wa kwenye bango ni wa nani?"

"Wa mwenzetu ofisini."

"Kila akija hapa mstari wake unapanda. Kamuulize mama yake anafanyaje. Mrudi baada ya wiki mbili. Akianza kuharisha, au homa, au akikataa kunyonya, msingoje tarehe."

Asubuhi iliyofuata Bwana Lishe alimkuta yule mama akipiga deki ukumbini. Kwa miaka yote ile alikuwa akiruka maji yake na kusema "pole na kazi" bila kusimama. Safari hii alisimama, katikati ya maji.

"Mama, nina shida. Mwanangu hanenepi. Nataka unifundishe unavyomlisha binti yako."

Yule mama aliegemea fagio la deki. "Mzee, unanitega?"

"Sikutegi."

"Maana aliyenifundisha ni wewe."

"Mimi? Lini?"

"Kwenye semina ya mwaka jana. Mlango ulikuwa wazi, mimi napiga deki hapa hapa. Ulisema uji uwe mzito, ukiinamisha kijiko usimwagike. Nikaenda kujaribu, kweli. Ukasema atiwe karanga zilizosagwa laini, au yai, au kijiko kidogo cha mafuta. Karanga nilikuwa nazo. Ukasema maharage yapondwe, parachichi lipondwe, asipewe uji tu kila siku. Ukasema maziwa ya mama yasikatizwe. Na mtoto akigeuza uso usigombe, ngoja, muongeleshe, mpe tena." Alichovya fagio kwenye ndoo. "Nilisikia nusu tu, mzee. Baadaye mlango ulifungwa mkaingia kwenye takwimu."

Bwana Lishe alitoa kalamu mfukoni. "Na kufuatilia unafuatiliaje? Una karatasi gani?"

"Karatasi ya nini tena? Bakuli likiwa tupu, kala."

Siku hiyo saa kumi na nusu alifunga kompyuta, jambo ambalo mlinzi wa getini alilishangaa hadi akaitazama saa yake. Nyumbani alinawa mikono, akapika uji mwenyewe mbele ya Bibi, akauunguza, akapika mwingine, akatia karanga. Akakaa mkekani na Waziri.

Waziri alifunga mdomo kama kabati la siri za serikali. Kijiko cha kwanza kiliishia shavuni, cha pili kwenye tai. Bwana Lishe alianza kumweleza faida za protini kwa umri wake.

"Mwanangu," Bibi alisema kutoka mlangoni, "usimhutubie. Mlishe."

Akanyamaza. Kunyamaza kulimtoa jasho kuliko semina yoyote. Alingoja. Akafungua mdomo wake mwenyewe wazi, kama mjinga, na Waziri akamtazama, naye akafungua. Kijiko kikaingia. Koo dogo lilipanda likashuka. Bwana Lishe alilitazama koo lile, na kifupa cha bega kilichochomoza chini yake, na macho yakamjaa maji ghafla. Miezi kumi, na hii ndiyo mara ya kwanza amemwona mwanawe akimeza.

Iliwachukua dakika arobaini. Bakuli liliisha nusu.

Baada ya hapo hawakukaa kikao tena. Mama mtoto aliomba kuchelewa saluni nusu saa, akawa ananyonyesha ameketi, viatu bado mlangoni. Bibi aliukaza uji, mwanzoni kwa manung'uniko, halafu kwa majivuno, akidai ndivyo alivyowalea wanawe wote. Ofisini, Bwana Lishe aliyekuwa akitoweka kila siku saa kumi na nusu alizushiwa mengi: wengine walisema ana nyumba ndogo, wengine wakasema ni sukari.

Wiki mbili baadaye mzani ulisema saba na mia moja. Mwezi mmoja mbele, saba na nusu. Nesi alichora mstari kwenye kadi, ukapanda, naye akasema neno moja tu: "Endeleeni."

Mkurugenzi alipopata habari alifurahi mno, akaagiza semina ya siku tatu ya kubadilishana uzoefu. Bwana Lishe alipendekeza mtoa mada awe mama wa usafi.

"Ana cheti gani?" mkurugenzi aliuliza.

"Ana mtoto wa kilo tisa na nusu."

Ilibishaniwa wiki nzima, mwishowe wakampa nafasi ya mchana, wakati watu wanasinzia. Alisimama mbele ya ukumbi, gauni lake la kazini limepigwa pasi, akasema aliyokuwa nayo, akaketi. Dakika nne. Washiriki wakatazamana. Mmoja aliuliza slaidi ziko wapi. Mwingine alilalamika kwamba ratiba inasema saa mbili, na posho imepangwa kwa saa mbili. Nyuma kabisa dereva wa mkurugenzi, aliyekuwa akiandika kwenye kiganja, aliinua mkono.

"Samahani, mama. Karanga unazisaga hivyo hivyo au unakaanga kwanza?"

"Zikaange kidogo, menya, saga laini kabisa."

"Ahsante. Wangu ana miezi saba."

Mkurugenzi alishika kipaza sauti, akatangaza kwamba sasa Bwana Lishe atafanya majumuisho kwa nusu saa. Bwana Lishe aliitazama saa ya ukutani: saa kumi na dakika ishirini na tano. Aliinuka, akaomba radhi kwamba ana mlo, akatoka. Watu wakadhani wamesikia vibaya.

Nyumbani Waziri alikuwa ameketi mkekani na bibi yake, bakuli liko tayari. Baba yake alivua tai, akaketi, akachota. Kabla kijiko hakijafika, Waziri aliukamata mkono wa baba yake kwa mikono yote miwili, akauvuta mdomoni.