Mayai Saba ya Mkunga

Kama kuna mtu mtaani aliyekuwa na haki ya kujidai, ni mkunga. Miaka thelathini na mmoja wodi ya wazazi, si mchezo! Nusu ya watu waliompa shikamoo asubuhi barabarani aliwashika yeye kabla ya mama zao.

Alipostaafu alijenga banda la kasuku bustanini, nyuma ya nyumba. Banda lenyewe, jamani, si kibanda cha kuku. Hatua nane kwa nne, waya wa matundu madogo hata panya hapenyi, nusu limeezekwa bati na nusu liko wazi ili ndege waoge mvua wakitaka. Milango miwili, unafunga wa kwanza ndipo ufungue wa pili. Matawi ya mpera yalibadilishwa kila wiki, maana kasuku wanatafuna kila kitu. Juu pembeni kulikuwa na sanduku la kutagia lenye kidirisha cha kuchungulia.

Ndani waliishi wawili wa kijivu wenye mikia myekundu, Bwana na Bibi. Ndege hawa dume na jike wanafanana kwa kila kitu, ndiyo maana binti yake, mwalimu, alimshauri mapema.

"Mama, peleka unyoya mmoja mmoja maabara, watakwambia yupi ni yupi."

"Mimi? Mimi ndiyo nifundishwe kutambua dume na jike? We mtoto, hebu nipishe! Bwana anamlisha Bibi mdomoni, anampanda, nimeona kwa macho yangu haya."

Misimu miwili mayai yalitagwa, yakaatamiwa, yakaoza. Yalikuwa mengi kuliko kawaida, na mkunga akatamba kwa majirani kwamba Bibi wake ana uzazi. Msimu wa tatu binti alichoka kuacha gari barabarani kwa sababu banda limekula nafasi, naye mkunga, mbele ya familia nzima, akajifunga kwa mdomo wake mwenyewe: safari hii lisipotoka kinda, kasuku waondoke, banda livunjwe, gari lipate pa kukaa. Alisema huku anacheka.

Siku ya kumi ya kuatamia, mama na binti waliyatoa mayai kuyamulika kwa tochi. Yai lenye uhai linaonyesha mishipa myembamba ya damu. La kwanza lilikuwa tupu. La pili tupu. Wakaenda hivyo hivyo mpaka la mwisho.

"Mama, kasuku mmoja si hutaga matatu?"

"Akijitahidi sana, manne."

"Hapa yako saba."

Mkunga aliyahesabu upya kwa kidole. Kisha akainua macho kwa Bwana, aliyekuwa kwenye tawi lake anajikuna shingo bila wasiwasi wowote.

"Ala! Kumbe na wewe unataga!"

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Binti alikuwa na futi ya kupimia mkobani, na wiki ile angeweza kuleta mafundi. Mkunga akafuta mikono kwenye kanga.

"Nimekosea mimi, si ndege," alisema. "Nipe msimu mmoja."

Binti alimkodolea macho. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikia mama yake akisema amekosea, hata chumvi ilipozidi.

"Mmoja tu, Mama."

Kazi ngumu ilibaki ng'ambo ya barabara, kwa fundi viatu. Yeye naye alifuga kasuku wawili ambao hawakuwahi kutaga hata yai moja, na mkunga alishamsema mbele za watu kwamba jike lake ni tasa kwa sababu ya kulishwa ovyo. Sasa akaenda, akavuta kigoda bila kukaribishwa.

"Fundi, nimekuja unicheke. Wale wangu ni majike wote wawili."

Fundi viatu aliweka nyundo chini.

"Na wangu ni madume wote wawili."

"Umejua lini?"

"Mwaka juzi. Nilipima."

"Na ukakaa kimya?"

"Baada ya kunianika vile mbele za watu? Bora ningekufa nalo moyoni!"

Wakacheka mpaka mteja aliyesubiri kiatu akawaona wamerukwa na akili. Unyoya wa kila ndege ulikwenda maabara, na majibu yaliporudi Bwana alihamia kwa fundi, dume moja likaja kwa mkunga. Aliliweka kwanza kwenye tundu lake ndani ya banda, wiki sita, mpaka Bibi alipoanza kumpelekea mbegu kupitia waya.

Msimu ulipofika, Bibi alitaga matatu. Mawili yalikuwa tupu. Moja lilikuwa na mishipa.

Siku ya ishirini na nane yai lilitoboka asubuhi. Mchana tundu lilikuwa lile lile. Fundi viatu alisimama nje ya waya, binti pembeni yake.

"Mama, linakwama! Lisaidie, si ndiyo kazi yako?"

Vidole vilimwasha kweli. Lakini alijua kwamba kinda akitolewa kabla ya wakati huvuja damu akafa, na Bibi alikuwa ndani, anajua anachofanya. Mkunga akakalia mikono yake yote miwili na kungoja. Saa tisa kasorobo kikasikika kilio chembamba, akachungulia kidirishani: kitu kidogo chekundu, uchi, kipofu, shingo haijakaza, na Bibi anakilisha mdomoni.

Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Katika watoto wote aliowapokea, hakuna aliyewahi kumvimbisha kichwa kama huyu ambaye hakumgusa hata kidogo.

"Haya, mkunga," fundi viatu akaita, "wa kike au wa kiume?"

Mkunga akageuka, kidevu juu, akajibu kwa sauti iliyofika barabarani:

"Sijui!"