Swali la Tatu

Wifi yangu aliingia chumba cha mafunzo na rundo la karatasi za mtihani na maringo yake yote. Kaka yangu ndiye aliyemwoa, lakini kazi hapa hospitalini nilimtafutia mimi. Sasa eti yeye ndiye mkufunzi wa insulini, na sisi wauguzi anatupima. Metroni alikaa nyuma. Alikuwa anatafuta wa kumteua msimamizi mpya wa wodi yetu, na wenzangu walishaanza kunitania kwa kuniita bosi.

Maswali mawili ya kwanza niliyajibu chapuchapu. La tatu wifi akalisoma kwa sauti, likanikata maini.

"Mgonjwa anasubiri upasuaji, haruhusiwi kula. Muuguzi anamchoma insulini ya chakula kama kawaida. Sukari inashuka, mgonjwa anatetemeka na kutoka jasho. Muuguzi amekosea wapi?"

"Hiki ni kisa cha kweli," wifi akaongeza kwa sauti tamu. "Kilitokea wodi ya wanawake. Bahati nzuri mama wa watu alipona."

Vichwa vyote vikanigeukia. Wodi nzima inajua kosa lile lilikuwa langu, maana nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Siku ile wifi, akiwa bado kwenye kipindi cha majaribio, alijifungia chooni analia. "Wifi, watanifukuza!" Nikamwekea mgonjwa dripu ya glukosi, nikamwambia daktari ni mimi niliyechoma. Onyo nikalimeza kimya. Hata kaka sikumwambia.

Nilimkazia macho. Akayakwepa, akaanza kupanga kalamu zake. Damu ilinichemka. Angekuwa amesahau, ningemsamehe.

Nikaandika jibu, na chini yake nikaandika ni nani hasa aliyeshika sindano ile.

Muda ulipokwisha, Metroni akakusanya karatasi, akachomoa yangu. "Mwalimu, tusomee la tatu la huyu. Tuone kama alijifunza."

Wifi akasoma kwa madaha. "Hakuhakikisha kama mgonjwa anakula. Insulini ya chakula ilipaswa kusimamishwa, sukari ipimwe, daktari aulizwe."

"Safi kabisa," Metroni akasema. "Mbona naona mistari mingine hapo chini?"

Wifi alikuwa ameshaiona.

"Wifi," akaninong'oneza, na chumba kizima kikasikia, "jamani, mimi si mke wa kaka yako?"

"Ndiwe," nikasema. "Wasomee."