Upande Ulioshonwa

Mama mkwe wa Mokami, Efrazia, alikubali kutoa kibuyu chake kwa masharti. Kisimame huko ukumbini, sawa, lakini upande ulioshonwa uangalie ukuta. Na mtu yeyote akikicheka, kinarudi nyumbani Nyanungu jioni hiyo hiyo.

Mokami aliitikia upesi, mtoto wake Neema akiwa mgongoni. Alitamani sana kibuyu kile kiende. Mwalimu wa darasa lake la jioni la kusoma na kuandika alikuwa amewaambia kwamba maonyesho ya vyombo vya kale kutoka China, India na Japani yanakuja Tarime mjini, kwenye ukumbi wa kanisa, na kwamba waandaaji wameacha meza moja kwa vyombo vya huku kwetu. Wenzake darasani walisema vya kwao ni plastiki tupu. Mokami akakumbuka kibuyu cha maziwa cha Efrazia, kilichofukizwa moshi mpaka kikawa na rangi ya kahawa, chenye ufa mrefu ulioshonwa kwa uzi wa katani. Ng'ombe alikipiga teke zamani, Efrazia akiwa bado msichana, na mama yake akakaa chini akakishona. Kwa Efrazia ule mshono ulikuwa kama nguo yenye kiraka: unaivaa nyumbani, huendi nayo kwa watu.

Asubuhi ya kukipeleka, Mokami alikipokea akakiona kizito. Efrazia alikuwa amekijaza maziwa ya mgando. Kibuyu chake hakijawahi kuingia nyumba ya watu kikiwa kitupu, na hakuona sababu kianze leo. Mokami akakipakata kwenye bodaboda kama mtoto wa pili.

Ukumbini, msimamizi wa maonyesho, dada mmoja mpole aitwaye Agness, alikiinua akasikia kitu kinacheza ndani. Ikabidi Mokami aseme. Agness akacheka kidogo, akaeleza kwamba vyombo vya maonyesho haviwekwi chakula, wadudu watafuata. Mokami akamsihi: yakimwagwa, mama atajua, na kibuyu atakichukua. Mwishowe Agness akaweka sinia chini yake, akasema kikae hivyo mpaka mwenyewe aje. Mokami akageuza mshono ukutani, akaandika kikaratasi kwa mwandiko wake wa darasa la jioni: Kibuyu cha maziwa, Nyanungu.

Mchana Efrazia akafika, kajifunga kitenge cha kanisani. Alizipita hariri za India. Aliyatupia jicho masanduku meusi ya Kijapani, akasema yanang'aa kama mgongo wa mende, akaendelea. Aliposimama ni kwenye bakuli jeupe la Kichina lenye maua ya buluu. Lilikuwa limepasuka, na ufa umeshikwa kwa pini ndogo za shaba zilizofuatana. Nyuma yake waliweka kioo ili pini zote zionekane.

“Nisomee,” alisema.

Mokami akasoma polepole: bakuli lilivunjika zamani, fundi akalitoboa matundu madogo, akalishona kwa shaba, na wenyewe wakaendelea kulitumia.

“Wamelionyesha makusudi?”

“Ndiyo, mama. Hata taa wameielekeza pale pale.”

Efrazia aliguna. “Kumbe na Mchina alikuwa na ng'ombe mkorofi.”

Kwenye meza ya mwisho, ile ya vyombo vya huku kwetu, walikuwepo wanawake wawili kutoka Kemambo. Mmoja alikuwa akimwuliza mwenzake, kicheko kikimtoka, hiki nacho kimefuata nini huku, kwani nani hana kwake. Efrazia alisikia. Alinyoosha mikono akakishika kibuyu. Mokami akaanza kukunjua kanga ya kukibebea.

Lakini Efrazia hakukiinua. Alikizungusha taratibu mpaka mshono ukawaangalia watu. Kisha akawaambia wale wanawake kwamba kina mgando, watafute vikombe watoke naye barazani. Wakamwamkia shikamoo, wakatoka. Wakanywa, Agness naye akanywa, na hakuna tone lililopita kwenye uzi.

Kibuyu kiliporudi mezani, Efrazia alimsogezea Mokami kile kikaratasi.

“Mama Neema, hii haijatosha. Andika jina la mama yangu, Robi. Andika alikishona mwenyewe.” Akafikiri kidogo. “Na ng'ombe umwandike.”

Mokami akamfungua Neema mgongoni, akampa bibi yake, akatafuta kalamu.