Nilimwambia Amsitiri Mkubwa Wake

Mama mwenzangu, kama una mtoto anayeandika programu za kompyuta, keti nikwambie. Mimi niliishia darasa la sita, hapa hapa Ibadan, na kazi yangu ni kukaanga akara, yale maandazi ya kunde, pale Mokola. Sikujua kwamba neno la jikoni kwangu linaweza kufika wodi ya wazazi.

Binti yangu Ewatomi nimemlea kwa adabu ya kwetu. Mkubwa anasalimiwa kwa magoti, wala haambiwi "umekosea" hata akivaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Alipomaliza masomo, Baba Oyelaran, mtu wa kanisani kwetu, alimwingiza kwenye kampuni ndogo ambako yeye ndiye mkubwa wa waandishi wote wa programu. Wanatengeneza programu ya kuagizia damu. Hospitali ikiishiwa, nesi anabonyeza simu, ombi linafika benki ya damu, pikipiki inatoka.

Ewatomi anafanyia kazi nyumbani, mezani karibu na jiko. Asubuhi wanakutana kwenye kompyuta, nyuso zimejipanga kama picha za vitambulisho, na Baba Oyelaran akitokea tu, binti yangu anapiga magoti. Kinabaki kiti kitupu.

"Ewatomi kashapotea tena," mwenzake Dapo husema. "Baba, itikia salamu upesi, mtoto arudi juu."

Wanacheka. Mimi nikisikia, moyo unanenepa.

Sasa na wao wana desturi yao. Hakuna kazi inayotoka kwenda hospitali mpaka mwenzako aisome mstari kwa mstari, kisha aweke jina lake kwamba ameikubali. Hata iwe kazi ya mkubwa. Jumanne moja Ewatomi alinikuta namenya kunde.

"Mama, nimepewa kazi ya Baba Oyelaran niisome. Nadhani ina kosa."

"Unadhani au unajua?"

"Najua. Hospitali mbili zikiomba damu kwa wakati mmoja, ombi la pili linapotea. Halafu nesi anaandikiwa kwamba limepokelewa."

"Hutokea mara ngapi hilo?"

"Mara chache. Ila linaweza kutokea."

"Huyo mzee alianza kazi hiyo wewe hujaota meno."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Nikiandika pale, Dapo ataona, wote wataona."

"Basi mpigie simu, yeye peke yake."

"Nilimpigia. Nikamsalimia, nikauliza hali ya mama watoto, nikauliza habari za mvua, maneno yakaniishia."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamwambia, "Mwache. Mtu mzima huliona kosa lake mwenyewe akalirekebisha kimya. Wewe utamvua nguo mbele ya watoto? Msitiri."

Alisimama kidogo akichezea maganda ya kunde. Kisha alirudi mezani akaandika, na aliponisomea nikamsifu: "Nimesoma. Iko sawa kabisa, Baba. Asante kwa kutufundisha."

Siku kumi na moja zikapita. Katika hospitali moja ndogo njia ya kwenda Iseyin, mwanamke alikuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Nesi aliagiza, simu ikamjibu kwamba ombi limepokelewa. Akangoja. Dakika hamsini anawaambia ndugu, "Inakuja, imeshapokelewa." Alipopiga simu kuuliza kwa mdomo, benki ya damu wakasema hawajaona kitu.

Mwanamke yule aliishi. Walimtoa kizazi. Ulikuwa uzazi wake wa kwanza.

Jambo likiharibika namna hiyo, wale hukutana, kila mmoja aseme alijua nini na alijua lini, bila kutafuta wa kufukuzwa. Mimi sikuamini. Asubuhi ile nilimwambia binti yangu, "Sema hukuliona. Nani ataingia machoni mwako akaangalie?" Alifungua kompyuta yake. Nilizima jiko ili nisikie vizuri.

Baba Oyelaran alianza. Alisema kosa ni lake, mkono ulioandika ni wake.

"Baba," Ewatomi alisema, "mimi niliona. Jumanne ile ile. Niliona nikaandika iko sawa."



"Uliona," mzee alisema polepole. "Mwanangu, unajua kwa nini nilikupa wewe uisome? Wenzako wanapitisha macho tu. Wewe una jicho. Langu limeanza kuchoka, na nilikuwa najua."

"Nilikuheshimu, Baba."

"Nani alikwambia hiyo ndiyo heshima?"

Nilikuwa hatua nne kutoka pale mezani, mwiko mkononi. Binti yangu angeweza kugeuza shingo tu.

"Ni mimi mwenyewe, Baba," alisema.

Nami nikanyamaza.

Hawakumfukuza. Walimwambia tu kwa sasa asiweke jina lake kwenye kazi ya mtu. Tangu siku hiyo anakula, ananijibu vizuri, lakini hajaja tena jikoni na swali. Ndiyo maana ninaandika. Mtoto akikwambia ameona kosa kazini, usimuulize ni la nani. Muulize litamfikia nani.

Jumapili iliyofuata nilimngoja Baba Oyelaran nje ya kanisa. Nilimweleza yote, kunde, kicheko na neno langu. Nilitaka anikaripie.

Hakunikaripia. Alivua miwani akaifuta, akaendelea kuifuta.

"Mama Ewa," alisema, "miaka mitatu amekuwa akisoma kazi zangu. Zote anaandika ziko sawa. Katika ngapi kati ya hizo aliona kosa akanisitiri?"

Anayejua ni Ewatomi, nami naogopa kumuuliza.