Mvifunge Vyote

Mama alirudishwa nyumbani siku ya Jumatatu, na daktari hakutuzungusha. Alisema moyo umechoka, dawa zimefika mwisho, kilichobaki ni kumpunguzia taabu. "Chumba chake kiwe na ubaridi," alituambia. "Kukiwa na joto atahangaika kupumua. Kukiwa na ubaridi atalala." Mimi nililia njia nzima. Baba hakulia. Alikuwa amepewa kazi, na baba akipewa kazi hana muda wa machozi.

Nyumba yetu tuliinunua ikiwa na kiyoyozi cha nyumba nzima: mashine moja nje, nyingine juu ya dari ya korido, na mabomba mapana yanayosambaza hewa vyumbani. Kila chumba kina tundu darini, na kila tundu lina kifuniko cha bati chenye kishikio kidogo pembeni. Ukikisukuma kishikio huku hewa inapita, ukikisukuma kule inazuiwa. Siku ileile baba alimwita fundi aje kusafisha kiyoyozi. Fundi alishusha vifuniko vyote, akaviosha, akavianika uani, kisha simu ikalia, akaitwa kwenye kazi nyingine. Akiwa mlangoni alisema, "Mzee, vikikauka mvifunge vyote vizuri."

"Hilo niachie mimi," baba akajibu, na kabla jua halijazama alikuwa juu ya ngazi na bisibisi mdomoni. Hakutaka nimsaidie hata kushika ngazi.

Usiku ule chumba cha mama kilikuwa kama friji. Alilala hadi asubuhi, akaamka akadai soksi, akamwambia baba kwamba sasa anataka kumuua kwa baridi. Baba alicheka hadi akakohoa. Sebuleni kulikuwa na joto, jikoni ndiyo usiseme, lakini nani alikuwa na habari na sebule? Mama alikuwa anapumua. Nilimchana nywele na tukawasengenya wifi zake wote, mmoja baada ya mwingine, hadi akachoka kwa kucheka.

Keshoye asubuhi upepo ulianza kulegea. Ilipokaribia adhuhuri, tundu la chumbani kwake lilikuwa linatoa pumzi ndogo tu, tena ya vuguvugu. Mama akaacha kuongea. Akaanza kuvuta hewa kwa mabega, mdomo wazi, macho yakinitazama kama ananiuliza mbona hivi. Baba alikwenda kwenye kisanduku cha ukutani kinachoongoza kiyoyozi, akashusha nyuzi za joto, akashusha tena, akafika chini kabisa, akaendelea kubonyeza tu kana kwamba mashine ni kiziwi.

"Gesi imeisha," alisema. "Mwambie fundi aje na gesi."

Nilimpigia fundi. Alikuwa juu ya paa la watu upande wa pili wa mji. "Gesi ya AC haiishi kama ya kupikia, dada," alisema. "Ikipungua ujue inavuja. Tuanze na vitu vidogo. Ya nje inazunguka?"

Nilitoka mbio. Ilikuwa inazunguka.

"Chujio?"

"Si ulilisafisha mwenyewe juzi?"

"Haya. Kuna mabomba mawili ya shaba yanaingia ukutani. Lile nene, lenye sponji nyeusi, liguse mwanzo wake, pale ambapo sponji haikufika. Likoje?"

Nililigusa nikarudisha mkono haraka. Jua lilikuwa linachoma utosi, na bomba lile lilikuwa limevaa barafu nyeupe, nene kama kidole gumba.

"Zima," fundi alisema. "Zima sasa hivi. Ndani kumeganda, hewa haina pa kupita. Acha feni peke yake, barafu iyeyuke. Nakuja."

Baba alisimama mbele ya kisanduku akanizibia njia. "Mke wangu anaungua, halafu mimi nizime?"

"Baba, imeganda!"

"Ikiganda si ndiyo ubaridi huo?"

Mimi sina subira, kila mtu kwetu anajua. Nilimsukuma baba yangu kwa bega nikazima ubaridi, nikaacha feni tu. Akaenda akachukua trei ya chai, akakaa kando ya kitanda, akaanza kumpepea mama.

Tulifungua madirisha, tukayafunga, maana nje kulikuwa kubaya zaidi. Nilimwekea vitambaa vya maji kifuani na shingoni, vikapata moto mara moja. Nilimpigia daktari. Akasema tukitaka tumlete, lakini njiani kwenye joto lile hatatuahidi kitu. Mama alisikia, akatikisa kichwa. Hakutaka kutoka tena kitandani kwake, na nilimwelewa. Tulichokuwa tunapigania si uhai wake, huo tulishaambiwa. Tulitaka aondoke amelala, siyo akigombania hewa. Darini maji yalianza kudondoka, nikaweka ndoo koridoni.

Fundi alifika shati limemganda mgongoni. Alipanda, akafungua mlango wa mashine, akamulika kwa tochi. Nikamwona anakunja uso.

"Yote barafu," alisema. "Itachukua muda. Lakini imegandaje? Feni nzima, chujio safi." Akashuka, akaingia sebuleni, akainua macho darini. Akaenda jikoni. Akaenda chumbani kwangu. Aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mzee, nani ameziba matundu?"

Baba alikuja na trei mkononi. "Hayakuzibwa. Yamefungwa. Si ulisema mvifunge vyote?"

"Nilisema mvifunge, mzee. Mvirudishe juu, mkaze skrubu. Hivyo vishikio vilitakiwa vibaki wazi. Hewa ikikosa pa kutokea, mashine inaganda."

"Funga ni funga," baba alisema, lakini tayari sauti ilikuwa inamkatika. "Nilifunga vyote, nikaacha cha kwake tu. Nilisema hewa yote iende kwake."

Nilijikuta natafuta wa kumkasirikia. Nilimtazama fundi, nikamtazama baba, na lugha yetu nayo, ambayo neno moja linafunga mlango na linafunga taa ukutani, nikataka kuitukana. Fundi alikuwa ameshapanda ngazi sebuleni, anafungua kishikio kimoja baada ya kingine kwa pupa, vumbi likimwangukia machoni. "Ni mimi," alikuwa anasema. "Nilikuwa na haraka. Ningesema vizuri."

Mama aliita kutoka chumbani. Hakuita jina, alitoa sauti tu, na baba akaenda. Nilifika nyuma yake. Kuta zetu hazina siri, alikuwa amesikia kila kitu.

"Ulitaka... niipate yote... peke yangu," mama alisema. Kila neno alilivutia pumzi.

"Ndiyo," baba alisema.

Mama alijaribu kumcheka, nadhani. Mdomo ulikwenda upande, kisha hewa ikamwishia, na baada ya hapo hakusema neno tena. Baba alimpepea kwa trei kwa mikono yote miwili. Sitaki kueleza saa ile ilivyokuwa. Ilikuwa ndefu, na hakulala. Alipotulia, maji yalikuwa bado yanadondoka kwenye ndoo, na fundi alikuwa amesimama koridoni na tochi yake inawaka mchana.

Jioni barafu ilikwisha, fundi akawasha. Nyumba nzima ikapoa, hadi jikoni.

Keshoye tulimzika mama. Tuliporudi watu walijaa sebuleni, na kwa vile nje kulikuwa kunachoma, kila aliyeingia alishusha pumzi. "Hapa kwenu raha," alisema jirani mmoja, mama mtu mzima, mdomo wake hauna breki lakini moyo wake ni mzuri. "Angalau marehemu aliondoka kwenye ubaridi, hakuteseka."

Baba aliweka chini kikombe chake. "Mwanangu, izime."

"Watu wataungua, baba."

"Izime."

Nikaizima. Jirani aliuliza kama umeme umekatika, nikamwambia hapana. Watu walianza kujipepea kwa viganja na kuaga mmoja mmoja, na wa mwisho alipotoka niligundua kwamba baba hayupo kwenye kiti chake.

Nilimkuta chumbani kwao. Alikuwa amelala upande wa mama, madirisha yamefungwa, amejifunika blanketi nzito hadi shingoni. Jasho lilikuwa linamtiririka masikioni. Alikuwa anavuta hewa kwa mabega, mdomo wazi.

Nikalivuta blanketi. Akalishikilia.

"Niache," alisema. "Nataka nijue alivyojisikia."

Nilimletea maji, akakataa kunywa.