Ua la Kwanza la Kengele Nyeusi

Seremala aligonga geti la kitalu asubuhi, Profesa akiwa anamwagilia miche. Hakuna aliyemtarajia. Mkononi alikuwa na kichupa cha dawa, na ndani yake punje saba nyeusi.

"Hodi wenyewe. Nimeambiwa hapa kuna msichana anayeotesha vitu vilivyoshindikana."

"Karibu. Ila na msichana mwenyewe ameshindikana," shangazi alijibu, macho hayatoki kwenye viriba vyake vya miche. Jina la Profesa alilitoa yeye, siku binti wa kaka yake aliporudi kutoka chuoni na cheti na kuanza kuusemesha udongo.

Mgeni akaeleza. Mbegu zilikuwa za kengele nyeusi, ua la mama yake. Shina la mwisho lilikauka walipohama nyumba. Sasa mama hatoki kitandani na macho yanafifia. Alitaka ua lile tena, mara moja tu.

"Likichanua, la kwanza ni la mama," Profesa alisema. "Nitalileta mwenyewe."

Shangazi akakohoa. Profesa alikijua kikohozi hicho: umeshaanza.

Aliziloweka siku mbili. Zikabaki ngumu kama changarawe.

"Zimekufa hizo," alisema shangazi.

"Zimelala."

Seremala alipopita kuulizia, alichukua punje moja, akaikwaruza kwa ukucha. "Hii imepigwa vanishi," alisema. Akatoa kipande cha msasa mfukoni, akazisugua moja moja, taratibu, kama anayelainisha mguu wa kiti. Zikarudishwa majini, na kesho yake zilikuwa zimevimba maradufu.

Tano ziliota. Tatu zilioza shingo, moja ikaliwa na konokono. Mche uliobaki ulikaa mwaka mzima na majani manne, kisha ukanyauka mpaka chini. Shangazi akakitaka kiriba chake. Profesa akakihamishia kwenye dirisha la chumba chake, akawa anamwagilia udongo mtupu kwa miezi mitatu.

"Unalea kaburi," shangazi alimwambia.

"Mzizi uko hai, shangazi. Hii mimea hufa juu tu."

Ulichipua tena. Safari hii ulitoa bua moja, na juu ya bua, tumba moja. Siku lilipofunguka, shangazi mwenyewe aliacha kazi akaja kuchungulia. Rangi yake ilikuwa ya buluu iliyoiva mpaka ikakaribia weusi.

"Liache lizae mbegu," alisema kwa sauti ya chini. "Ukilikata tumerudi sifuri. Na nani anajua kama mwakani utaamka?"

"Hakuna anayejua."

"Si ulipige picha umpelekee?"

Profesa alishalifikiria hilo. Hata simu alishaitoa. "Macho yale hayaoni picha tena. Ua atalishika."

Alichukua mkasi. Mkono wake ulikawia hewani.

"Kata chini ya kifundo cha bua," shangazi akasema hatimaye, "lisije likanyauka njiani." Akamletea kikombe chenye maji.

Seremala alifungua mlango, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Akampisha. Profesa akaliweka ua kwenye kiganja cha mama. Mama akalizungusha kwa vidole, akalisogeza karibu kabisa na jicho la kushoto.

"Limekuwa dogo," alisema, na hakulirudisha.